MZEE NI SHAHIDI WA JAMAA YAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniomba niseme machache katika saa hii ambayo kila mwaka huwekwa kwa ajili ya kuwakumbuka waliotutangulia. Majina yao yamekwisha kusomwa, nanyi mmesimama kwa heshima yao. Basi kazi iliyobaki ni ndogo, nayo ni kufikiri pamoja: tunaposema kwamba mtu fulani aliishi maisha marefu akaitunza jamaa yake, twasema nini hasa? Na sisi tuliobaki twadaiwa nini naye?

Sitawasimulia habari za mkubwa wa serikali wala za tajiri. Nitawasimulia habari za mzee mmoja wa Chalani, karibu na Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Jina lake sitalitaja, maana watoto na wajukuu zake wapo, na jina la mzee ni mali ya nyumba yake. Lakini habari zake zimevuka bahari, na wengi walio mbali wazijua kuliko sisi tulio jirani zake. Jambo hilo lenyewe latupasa kuona haya kidogo.

Kabla ya kufika kwake, niruhusuni nikumbushe desturi ambazo wazee mnazijua kuliko mimi, ila vijana wetu wamezisikia nusu nusu tu.

Kwetu mtu akipata mtoto, jina lake la ujana huanza kufifia. Baba huitwa Abe fulani, yaani baba wa fulani. Na mama huitwa Me fulani. Ndiyo maana yule mama shujaa aliyewalisha watu kiapo katika mwaka 1913 ili wasiitii serikali ya Kiingereza, ingawa alizaliwa Mnyazi, sisi sote twamjua kwa jina la mwanawe: Mekatilili, mama wa Katilili. Kisha mtoto naye akizaliwa hupewa jina la babu yake au nyanya yake. Basi baba huitwa kwa mtoto, na mtoto huitwa kwa babu; jina hupanda na kushuka katika nyumba moja kama mgema katika mnazi wake. Watu wa kale walipopanga hivyo, walitufundisha kwamba mtu hana jina lake peke yake. Jina lake limefungwa kwa waliomtangulia na kwa watakaomfuata.

Tazameni tena mnazi wenyewe. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchukua miaka 6 au 7, au hata zaidi, kabla ya kuzaa vizuri. Kisha huzaa kwa miaka 60 na kuendelea. Mtu anayepanda mnazi hali kichwa chake kina mvi, hapandi kwa ajili ya kinywa chake. Ukipita katika mashamba ya Kaloleni, au Rabai, au Kilifi, ukaona minazi imesimama safu kwa safu, basi ujue kwamba waona mapenzi ya wazee waliokwisha kuzikwa. Wengi wao hawakuwaambia watoto wao hata siku moja kwamba wanawapenda. Walichimba shimo, wakafukia nazi, wakaweka miiba pembeni mbuzi wasile mche.

Lakini shamba na mnazi haviwezi kusema ni vya nani. Anayesema ni mzee. Mwanachuoni Mwingereza aitwaye David Parkin alikaa na Wagiriama wa sehemu za Kaloleni katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatoa kitabu alichokiita Palms, Wine and Witnesses, maana yake minazi, tembo na mashahidi. Mashahidi hao ni wazee. Watu waliuziana minazi na mashamba, wakawekeana rehani, na ugomvi ulipozuka kilichotafutwa ni kumbukumbu ya mzee aliyekuwapo siku ya makubaliano, akaonja tembo, akasikia kila neno. Wazee walipoketi, kijana mwenye fedha nyingi alihitaji ushahidi wao kuliko alivyohitaji fedha zake. Penye wazee haliharibiki neno, nasi kwetu neno hilo lilikuwa na thamani ya hati ya shamba.

Nataka mlishike jambo hilo moja katika yote nitakayosema: mzee ni shahidi wa jamaa yake. Aliyeitunza nyumba yake miaka mingi hakuwalisha watu wake tu. Aliwajua, akajua walitoka wapi, nani alimwoa nani, deni gani lililipwa na lipi halikulipwa, na nani amelala wapi chini ya udongo.

Sasa naja kwa mzee wa Chalani.

Mzee huyu alifiwa na ndugu zake wawili. Nanyi mwajua kwamba kwa Wagiriama mtu aliyeingia katika chama cha Gohu, akisha kufa, jamaa yake humsimikia kigango. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa kigingi kidogo kiitwacho koma, na neno hilo hilo ndilo jina la roho ya marehemu. Kigango hukatwa katika mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Huchongwa kichwa chake na mwili wake, hutiwa nakshi za pembetatu, hupakwa rangi, na hufungwa vitambaa. Hakisimikwi siku ya maziko. Mara nyingi hupita miaka, hata marehemu amjie jamaa yake katika ndoto akilalamika kwamba amesahauliwa, au maradhi yaingie katika nyumba, ndipo watu wakumbuke deni lao.

Wala deni hilo si jepesi. Mchongaji hulipwa, wazee wa Gohu hulishwa na kunyweshwa, mnyama huchinjwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkulima wa nchi yetu hana mali ya kutupa. Mzee wa Chalani angeweza kusema kwamba wafu hawali, na kwamba walio hai wana njaa. Hakusema hivyo. Alisimamisha vigango viwili kwa ajili ya ndugu zake, ili nyumba isiwasahau.

Mwaka 1985 alifika huko Bi Monica Udvardy, mwanachuoni kutoka Marekani aliyekuwa akijifunza desturi za Wagiriama. Alimpiga mzee picha, amesimama kando ya vigango vya ndugu zake. Picha hiyo nawasihi muikumbuke. Haikupita muda mrefu, vigango vile vikaibwa. Bibi yule aliporudi, mzee akamweleza msiba uliompata.

Wenzangu, kigango kikisimikwa hakihamishwi. Hata mji ukihamia ardhi nyingine, kigango hubaki kwenye mahame, kikilinda mahali pale mpaka kioze chenyewe. Ndiyo maana wezi walivipata kwa urahisi. Hakuna ukuta, hakuna kufuli, hakuna mlinzi ila heshima, na heshima ilipoondoka mlango ulikuwa wazi. Toka miaka ya 1970 na 1980 wafanya biashara ya vitu vya sanaa walikwisha kujua kwamba wageni wa Ulaya na Marekani watalipa vizuri kwa mti huu. Wageni hawakujua njia za mahame yetu. Hatuwezi kudanganyana: aliyeng'oa kwa mikono yake, mara nyingi, alikuwa kijana wetu, aliyepewa fedha kidogo kwa kitu kilichouzwa ng'ambo kwa fedha nyingi sana. Alimwuza babu yake, wala hakujua bei.

Jamaa ya mzee yule walisadiki kwamba tangu siku ile masaibu yaliwaandama. Miongoni mwetu wako Wakristo na Waislamu wengi ambao hawamwagi tembo penye kigango, nami siwaambii wamwage. Kila mtu na dini yake. Lakini hata asiyeamini koma aweza kufahamu uchungu wa mtu aliyetimiza ahadi yake kwa ndugu zake, akaamka siku moja akakuta mashimo mawili katika ardhi.

Mzee alifariki dunia hajaviona tena.

Kisha ikawa hivi. Mwaka 1999 wataalamu wa mambo ya Afrika walikuwa na mkutano wao huko Marekani, na Bi Linda Giles, mwanachuoni mwenzake Bi Udvardy, akaonyesha picha za vigango vilivyokuwa vimehifadhiwa katika jimbo la Illinois. Bi Udvardy alipotazama, akakitambua kimoja. Kilikuwa cha ndugu wa mzee wa Chalani. Baadaye kile cha pili kikaonekana katika Chuo Kikuu cha Hampton, katika jimbo la Virginia. Watafiti wale, pamoja na mwenzao Bwana John Mitsanze aliye mwenyeji wa nchi hii, wakaitafuta nyumba ya mzee, na watoto wake wakasema neno moja: turudishieni. Illinois wakakubali, na Hampton wakakubali. Katika mwezi wa Juni 2007 vigango vyote viwili vikafikishwa Chalani, zaidi ya miaka 20 baada ya kuibwa, na watu wakavipokea kwa sherehe kama wapokeavyo wasafiri.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tuvitazame vigango vingine. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kwamba litatoa vigango 30 virudi Kenya, na mwaka 2019 vikafika. Mwaka 2023 makumbusho ya Illinois nayo yakarudisha vigango 37. Hili ni jambo jema, na waliolitenda wastahili shukrani. Lakini sikilizeni tofauti. Vile viwili vilirudi kwa mwenyewe. Hivi vingine vilirudi katika nchi, na kwa sehemu kubwa hakuna ajuaye ni vya mji gani, wala ni vya baba wa nani. Walioviuza hawakuandika jina. Walioviona vikisimikwa wamekufa. Kila kimoja kilikuwa mtu aliyelea watoto, akapanda minazi, akaketi barazani kuamua mashauri. Leo ni mti usio na jina uliorudi na mwenyeji wake hajulikani.

Ni kitu gani kilichovipambanua vile viwili na hivi vingine? Si ubora wa mti, wala wingi wa nakshi. Ni picha moja, ambamo mzee amesimama kando ya ndugu zake kama asemaye, "Hawa ni wangu." Mzee yule alitoa ushahidi, na ushahidi wake ukashinda kifo chake. Hakujua kwamba picha ile itakwenda barazani siku moja ng'ambo ya bahari. Alisimama tu mahali ambapo mtu wa jamaa hupaswa kusimama.

Nimefika mahali pagumu, nanyi mtaniwia radhi.

Tumewalaumu wezi wa vigango, nao wastahili lawama. Lakini tutasema nini juu ya wale wanaowaua wazee walio hai? Kwa miaka mingi sasa habari zimetolewa, na hakuna aliye hapa asiyezijua: katika Kaunti ya Kilifi wazee wake kwa waume wameuawa kwa kushutumiwa uchawi. Wengine wamezipaka mvi zao rangi nyeusi, ili wasionekane wazee. Wengine waliyakimbia majumba yao wakapewa hifadhi katika Kaya Godoma, huko Ganze. Mzee aliyetunza watu maisha yake yote, akatunzwa na wageni kwa sababu watu wake mwenyewe wamemwinda! Na mkichunguza shutuma zile, mara nyingi mtakuta chini yake pana shamba. Mtoto au mpwa ataka kuuza, mzee akataa, na punde mvi zake zaitwa uchawi.

Hapo ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Anayeng'oa kigango amwondoa shahidi aliyekwisha kufa. Anayemwua mzee amwondoa shahidi aliye hai. Wote wawili wataka ardhi na mali zisiwe na mtu wa kusema ni za nani. Mwuaji hudhani kwamba amerithi shamba, kumbe amelipoteza, kwa kuwa yule aliyejua mpaka wake, na aliyeweza kusimama mbele ya jirani au tajiri mgeni akasema, "Mnazi huu ulipandwa na baba yangu," sasa amezikwa pamoja na maneno yake.

Kwa hiyo naomba chama chetu kifikirie mambo manne.

La kwanza, kila nyumba iwe na kitabu chake. Daftari la kawaida latosha. Mzee aketi na mtoto aliyesoma, waandike majina ya waliozaliwa na waliokufa, mahali yalipo makaburi na vigango vya nyumba ile, mipaka ya shamba, na minazi ni ya nani. Mipaka iandikwe mbele ya majirani, nao watie sahihi au kidole. Kigango kipigwe picha, na mwenye nyumba asimame kando yake. Katika mkono wa karibu kila kijana siku hizi mna chombo cha kupigia picha. Basi kisipige picha za ngoma na harusi peke yake.

La pili, neno liwe moja kwamba kigango hakiuzwi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yakataza kuvitoa nchini vitu vya urithi bila kibali, lakini sheria haikeshi kwenye mahame. Wa kukesha ni sisi. Na kijana akionekana amebeba mti usiku, baba yake asifiche.

La tatu, mzee akianza kunong'onezwa uchawi, wanachama wa mtaa ule wasikae kimya wakingoja maiti. Waende nyumbani kwake mchana, wakae naye, waonekane na watu. Wapeleke habari kwa chifu na polisi. Na kama pana shauri la urithi, lisikizwe barazani mapema, mzee mwenyewe akiwapo na akisema kwa kinywa chake. Wenye maneno ya kichini huogopa baraza kuliko wanavyoogopa bunduki.

La nne ni juu ya matanga. Chama hiki, kama vyama vingine vya msaada vya pwani, hujivunia kwamba mwanachama wake hazikwi kama asiye na watu. Na liendelee kuwa hivyo. Lakini tumeona mazishi ambapo ng'ombe walichinjwa, vyombo vya muziki vikapigwa usiku kucha, na watoto wa shule wakaharibikiwa katika giza la matanga yale. Ilhali marehemu katika mwaka wake wa mwisho alikosa nauli ya kwenda hospitali Kilifi. Sehemu ya mchango wetu na imfikie mzee angali anaweza kusema ahsante. Mbuzi mmoja aliyeuzwa kwa ajili ya dawa zake ni heshima kubwa kuliko ng'ombe wawili walioliwa na watu wasiomjua.

Bwana Mwenyekiti, namaliza. Tumezoea kusema katika maziko kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mpenda nyumba yake, na wote huitikia. Mzee wa Chalani hakuacha hotuba wala fedha benki. Aliacha watoto waliojua la kusema walipoulizwa, na picha iliyomwonyesha mahali alipokuwa. Ndugu zake wawili walikwenda hata Marekani, wakakaa huko miaka, wakarudi nyumbani kwa sababu yeye alisimama kando yao siku moja.

Nasi twarudi majumbani jioni hii. Kila mmoja wetu ana mzee anayemjua, labda baba, labda mjomba, labda jirani asiye na mtoto. Na aende akaketi naye kabla ya mkutano wa mwaka ujao. Amwulize jina la babu wa babu yake, na ni nani aliyepanda mnazi ule ulio karibu na kisima. Kisha ayaandike majibu, maana mwaka ujao Katibu atasoma majina mengine, na hatujui yatakuwa ya nani.

Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape wazee wetu walio hai usingizi wa amani katika nyumba zao wenyewe.